Sakafu ya Basi la Baba

Wiki nzima basi kuukuu lilikuwa likivuliwa nguo pale uani. Viti arobaini na viwili viling'olewa, vikafuata vyuma vya kushikia na mbao za dari zilizonuka jasho la abiria wa miaka ishirini. Binti wa mwenye basi alikuwa msusi, na humo ndimo alimotaka kufungua saluni. Alikuwa amesharudisha funguo za chumba cha kusukia alichopanga sokoni, na mpangaji mwingine ameshaingia.

Baba yake, dereva mstaafu wa basi hilo, alizunguka akitania watu. Bolti ikigoma kulegea, alijigamba, "Hiyo niliikaza mimi, si nyinyi watoto wa juzi!" Lakini fundi aliposhika mtaimbo ainue sakafu, kicheko kilimkauka.

"Sakafu iacheni. Ni nzima."

"Mzee wangu, mabomba ya masinki yatapita wapi?"

"Yapitisheni juu."

"Maji machafu yapande mlima?" Fundi alicheka, akabandua.

Chini ya mpira palikuwa na ubao, chini ya ubao bati, chini ya bati kipande cha zulia, kisha bati jingine. Mzee alikuwa akiyapigilia mwenyewe, kila mwaka kabla ya ukaguzi wa magari. La mwisho lilipotoka, mchanga wa uani ulionekana. Fundi akagonga fremu iliyoliwa na kutu kwa nyundo, nayo ikameguka kama mkate mkavu.

"Dada, hapa hakuna pa kuchomelea. Hili ni la kuuzia watu wa chuma chakavu."

Binti alimgeukia baba yake. "Baba, nilikuuliza kabla sijarudisha funguo. Nilikuuliza mara mbili kama lina ubovu."

"Niliona haya, mwanangu. Basi hili ndilo lililonifanya niitwe mtu."

"Haya? Sasa wateja wangu nikawasukie wapi, kwenye hizo haya zako?"

Mzee aliinamisha kichwa. Wala asihurumiwe upesi. Mtu anayefunga kidonda kibichi kwa kitambaa cheupe ili wageni wamsifu, hajui kwamba usaha hauna adabu.

Siku watu wa chuma chakavu walipokuja kulichukua, kreni ilipoliinua, basi lilikatika vipande viwili mbele ya majirani wote. Binti alipita bila kumtazama baba yake, mfuko wa vitana mkononi, akienda kuomba kiti katika saluni ya mshindani wake. Majirani walimwangalia mzee, wakaangalia mabati yale yaliyotapakaa chini, wala hapakuwa na haja ya kuuliza: mficha maradhi, kifo humuumbua.