Pete Iliyogongwa Mara Moja

Alikuwapo zamani, na Mola ndiye ajuaye idadi ya siku zake, sultani aitwaye Mundhiri bin Shibli, mtawala wa Samandari, mji wa minara saba na visima vya maji matamu, na raia wake walimpenda kwa upole wake, ingawa walijua dosari yake moja: hakuweza kukataa kitu cha bure. Hata tende za sokoni, mwenye duka akimwonjesha moja, yeye huonja tatu.

Katika mji huo alikaa mchonga mihuri, Mzee Hafidhi, na binti yake Salha, ambaye aliijua kazi ya baba yake hata akawa huusoma muhuri kama wengine wasomavyo uso wa mtu. Pete ya muhuri ya Sultani, yenye mwezi na upanga, ilichongwa dukani mwao, na kwa sababu hiyo msiba ukawaangukia wao.

Maana hazina ilikuwa ikivuja. Kila siku dhahabu ilitoweka, na mahali pake pakabaki hati yenye muhuri halali wa Sultani, na Sultani akiulizwa huapa kwamba hakuamuru kitoke kitu. Mawaziri wakasema, "Basi ipo pete ya pili, na nani awezaye kuichonga ila aliyechonga ya kwanza?" Mzee Hafidhi akatiwa minyororo, ikahukumiwa kwamba Ijumaa baada ya sala akatwe mkono wa kulia, mkono uliomlea Salha peke yake tangu mama yake alipofariki.

Salha alilia mpaka machozi yakamwishia, kisha akajifunga kibwebwe akamwendea mtunza hazina, kijana aitwaye Idarusi. Akamwambia, "Bwana, sikuja kuomba huruma. Nimekuja kuomba kuziona zile hati." Na Idarusi, ambaye moyo ulikuwa ukimsuta tangu mzee alipokamatwa, akamfungulia sanduku.

Salha akazitandaza sakafuni, akainama juu ya nta moja baada ya nyingine.

"Tazama hapa, bwana, ubavuni mwa mwezi. Unaiona alama nyembamba, kama ya unyoya?"

"Naiona."

"Na kwenye hii? Na hii?"

"Ipo," akasema Idarusi, na macho yakamtoka. "Ipo kwenye zote, tena mahali pale pale!"

"Mimi nagonga mihuri tangu sijaota meno ya pili," akasema Salha, "na sijaona mkono wa binadamu uliogonga mara mbili sawasawa. Leo utainama kulia, kesho utakandamiza mno. Pete hii imegongwa mara moja tu, unyoya wa ndege ukanasa kwenye nta, na yuko anayeirudia alama ile ile. Baba yangu hakuchonga pete ya pili."

Ijumaa ikafika, na baraza likajaa, na Mzee Hafidhi akaletwa amefungwa. Salha akapiga magoti mbele ya kiti cha enzi, akasema, "Ewe Sultani wa zama, Mungu akuzidishie umri na insafu. Kabla ya upanga kushuka, mjakazi wako anauliza neno moja: ni wapi ulipogonga pete yako mbele ya ndege?"

Sultani akabadilika rangi. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na kioo cha ukubwa wa kiganja, na ndani ya kioo mlikuwa na bustani hai, na katika bustani ndege wa kijani.

"Msafiri alinipa," akasema kwa haya. "Kuingia ni bure kabisa. Siku ya kwanza ndege aliomba nigonge pete mara moja, eti asinisumbue tena. Lakini humu hamna dinari, binti yangu! Humu tunatumia johari."

Ndege akapiga mbawa. "Bwana wangu mtukufu, waridi lako litachanua baada ya siku tatu. Kwa johari hamsini litachanua sasa hivi, na leo tumepunguza bei!"

Na kidole cha Sultani, mbele ya baraza zima, kikaanza kwenda chenyewe kukigusa kioo!

Salha akakiwahi kioo kwa kiganja chake. "Ewe kiumbe, kwa ahadi ya Nabii Suleimani iliyowafunga jamaa zako, johari hizo zatoka wapi?"

Moshi ukapanda, na ndege akawa jini mrefu, amefumbata mikono kwa adabu. "Zatoka hazina ya Samandari, bibi, johari kumi kwa dinari moja. Sikuiba; kila anunuapo, huacha hazinani hati yenye alama aliyonipa mwenyewe. Bei nimeiandika mlangoni kwa herufi ndogo, bwana akapita bila kusoma. Sisemi uongo, ila sisemi nisiloulizwa."

Sultani akashuka kitini, akaifungua minyororo kwa mikono yake, na machozi yakamtiririka ndevuni. "Nisamehe, Mzee Hafidhi. Mwizi niliyemtafuta, kila asubuhi nilikuwa nikimnawisha uso."

Lakini Salha alikuwa hajamaliza. "Ewe jini, alichonunua na hajakitumia chaweza kurudi?"

"Chaweza, nikiombwa kabla mwezi haujaisha. Ila mbegu alizoninunulia, nami nikazila, zimekwenda."

"Basi tunaomba. Na tangu leo usiihifadhi alama ya pete. Kila atakapo kununua, mtajie bei kwa dinari, na agonge mwenyewe."

"Nasikia na kutii," akasema jini, na dinari zikamwagika kutoka kiooni hata mawaziri wakainua miguu.

Sultani akamfanya Salha mlinzi wa mihuri yote ya dola, akampa nyumba na theluthi ya dhahabu iliyorudi. Kioo hakukivunja, wala hapakuwa na haja. Alingoja siku tatu, waridi likachanua lenyewe, akawaita hata wapishi waje kulitazama. Nawe unayepewa cha bure, kipokee kwa furaha, ila uliza kwanza mlango wa pili, ulio nyuma ya ule wa bure, unafunguliwa kwa bei gani, na pete yako ikae kidoleni.

Idarusi naye akaleta posa, na Salha akakubali. Siku ya nikahi, kama ilivyo ada, Mzee Hafidhi akaunyoosha mkono wake wa kulia, akaushika mkono wa mkwewe, na kwa muda mrefu hakutaka kuuachia.