Mkate wa Ndizi Uliokataa Kuiva

Paukwa?

— Pakawa.

Pakawa nini?

— Pakawa chungu, chungu kikawa na mfuniko, mfuniko ukawa na makaa.

Ndani mna nini?

— Hatujui, tunasikia harufu tu.

Basi vumilieni harufu, nami niwape chenyewe.

Hapo kale, karibu na mto, paliishi Kindi na watoto wake. Alikuwa mdogo, akisimama wima hafikii goti la mbuzi. Lakini mikono yake haikujua kukaa bure. Alichimba mashimo, akapanda migomba, akapalilia, akamwagia majivu. Migomba nayo ikakubali, ikatoa mikungu mpaka ikainama.

Siku mkungu wa kwanza ulipoanza kugeuka rangi, akaja Nyani. Tindi, tindi, tindi. Akakaa katikati ya shamba, akajikuna ubavu, akasema, "Jirani, hapa tugawane."

Kindi akayatazama meno ya Nyani. Hayakuwa meno ya kubishana nayo. "Tugawane vipi, bwana?"

"Kilichoiva changu. Kibichi chako."

"Mpaka lini?"

"Mpaka sote wawili tukubali kubadilisha. Na nikivunja neno langu, mkia wangu huu unyofoke."

Akaapa hivyo mbele ya Kanga, aliyekuwa akichakura majani pembeni. Na wanyama wote walijua kwamba kiapo cha mkia hakina mzaha. Kama hamwamini, nendeni kwa Pimbi, mmuulize wake uko wapi.

Basi ikawa hivyo. Ndizi ikiwa kijani, Nyani anauliza kutoka juu ya kichuguu, "Kibichi cha nani?"

"Changu, bwana."

Ndizi ikipiga manjano, Nyani anauliza, "Kilichoiva cha nani?"

"Chako, bwana."

Na chake kinakwenda. Nyam, nyam, nyam.

Watoto wa Kindi wakala ndizi mbichi za kuchemsha asubuhi, wakala za kuchemsha jioni, na siku ya sikukuu wakala za kuchoma. Kitinda mimba wake, jina lake Chakupewa, hakuwa ameonja kitu kitamu tangu azaliwe. Siku moja akauliza, "Mama, tamu ikoje?"

Kwani tamu inaelezwaje? Swali lile lilimuuma Kindi kweli kweli. Akainamia jiko akapuliza moto, machozi akayasingizia moshi. Moyoni akasema, mwanangu hataelezwa, ataonja. Na kuanzia hapo hakuwa na wasiwasi tena, maana Kindi akishaamua jambo ni kama limekwisha.

Mvua ikanyesha vizuri mwaka ule, mikungu ikaiva yote kwa mpigo. Nyani akala. Akala akalala, akaamka akala. Tumbo likawa ngoma. Ndizi zikabaki chungu nzima, maganda yakaanza madoadoa, kisha yakawa meusi, nyuki wakazizunguka. Nyani akazikalia, hali na hagawi.

Kindi akaja akasimama mbele yake, mikono nyuma. "Bwana mkubwa, hizi zinakuharibikia. Ndizi iliyolegea hivi haitafunwi, inaokwa. Nikuokee mkate?"

Nyani akafungua jicho moja. "Mkate wa nani?"

"Ukiiva ni wako, bwana. Kilichoiva si chako?"

"Changu."

"Basi una hofu gani?"

Nyani akasogea. Kindi akazibeba ndizi, akazimenya, akazitia kwenye bakuli akaziponda. Pwata, pwata, pwata. Akatia unga. Akatia mayai mawili aliyopewa na shoga yake Kanga. Akatwanga iliki, akaimwaga humo. Akakoroga mpaka rojo likawa zito na laini, likinukia hata kabla halijaona moto.

Nyani akaja na kidole chake kirefu, akataka kukichovya.

"Bwana," akasema Kindi, "huu umeshaokwa?"

"Bado."

"Basi ni kitu gani?"

Nyani akafikiri. "Kibichi."

"Kibichi cha nani?"

Kanga akaacha kuchakura, akainua shingo. Nyani akaurudisha mkono upesi, akaushika mkia wake kuhakikisha bado upo. "Chako," akasema. "Lakini fanya haraka uive."

Kindi akatandika jani la mgomba ndani ya chungu, akamimina rojo. Halafu, na hili waliliona wachache, mimi na nyinyi tu, akachukua ndizi moja nzima, ile iliyolegea kuliko zote, akaisimamisha katikati ya rojo na kuizamisha mpaka ikapotea. Akafunika. Akaweka chungu juu ya moto, akapalia makaa juu ya mfuniko. Moto chini, moto juu.

Harufu ikatoka. Ikapita migombani, ikavuka mto. Nyani akameza mate, gudu.

"Umeiva?"

"Mimi mdogo, bwana, nitajuaje? Wakubwa ndio wanaojua mbivu na mbichi."

Nyani akapanda kichwa hapo hapo. "Mimi nimezaliwa jikoni," akasema, uongo mtupu, alizaliwa juu ya mti. "Mkate haupimwi kwa macho. Unachomekwa kijiti katikati. Kikitoka kikavu, umeiva. Kikitoka kimelowa, ni mbichi. Kijiti hakidanganyi."

"Umesikia, shoga?" Kindi akamuuliza Kanga.

"Nimesikia. Kijiti hakidanganyi."

Kindi akafunua chungu. Nyani akachukua kijiti, akakichomeka katikati kabisa. Chwi. Akakichomoa. Kimelowa, kinanata.

"Mbichi," akasema Nyani.

Wakafunika, wakangoja. Harufu ikazidi. Nyani akachomeka tena palepale. Chwi. Kimelowa.

"Mbichi. Ongeza makaa."

Kindi akaongeza kidogo tu. Nyani akazunguka jiko, akakaa, akainuka, akazunguka tena. Akachomeka mara ya tatu. Chwi. Kimelowa vilevile.

"Mkate gani huu?" Nyani akafoka. "Ongeza makaa mengi."

"Nitaongeza, bwana. Lakini kingo zimeshaanza kuwa nyeusi. Ukiungua utakuwa wa nani?"

Nyani akajikuna ubavu. Katika kiapo chake hakuwa amesema lolote juu ya kilichoungua.

"Naona kilichoungua hakina mwenyewe," akasema Kindi kwa upole. "Kitatupwa mtoni, tukose sote. Niache uungue, au niepue?"

"Epua, epua."

"Nikiepua sasa nakiepua kitu gani? Sema mwenyewe, bwana. Mimi nitafuata neno lako."

Nyani akakitazama kijiti. Akamtazama Kanga. Akaushika mkia. Sauti ikamtoka ndogo, "Mbichi."

"Na kibichi cha nani?"

"Chako."

Kindi akaepua. Akaupindua mkate juu ya jani, pu. Ulikuwa wa rangi ya udongo mwekundu, kingo zinang'aa, mvuke unapanda. Akaukata, akawagawia watoto, na Kanga akapata kipande cha pembeni. Kile cha katikati, chenye ndizi iliyoyeyuka kama asali, akampa Chakupewa.

Chakupewa akatafuna. Akaacha kutafuna. Akamtazama mama yake macho yamemtoka. "Mama," akasema, "kumbe ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo, mwanangu."

Safari hii Kindi hakuusingizia moshi. Alilia waziwazi huku anacheka.

Nyani akaunyooshea mkate kidole. "Lakini huo umeiva. Nauona umeiva."

"Umesema mbichi," akasema Kanga, makombo mdomoni. "Umesema mara mbili, na ya tatu ukaulizwa."

Nyani akakaa chini kufikiri, kazi ambayo hakuizoea. Akafikiri hivi: vilivyoiva vyangu vimeoza na kunivimbisha tumbo. Kibichi chake kinanukia iliki na watoto wake wanalamba vidole. Kumbe miaka yote hii mjinga ni mimi, utamu uko kwenye vibichi.

"Jirani," akasema, "tubadilishane. Kibichi changu, kilichoiva chako."

Kindi akashika kichwa kwa mikono miwili. "Hapana, bwana. Nichukulie vyote, vibichi niachie. Nina watoto mimi."

"Nakuomba."

"Ndicho kitu pekee nilichonacho."

"Kindi, mama, nakuomba." Na Nyani, ambaye hakuwahi kumwomba mtu kitu, akapiga magoti mpaka vumbi likapanda.

Kindi akahema. Akajifuta macho makavu. "Basi, kwa kuwa ni wewe. Lakini uape kwa mkia, Kanga asikie, na neno hili lisibadilishwe tena milele."

Nyani akaapa mbio mbio. Akakimbilia shambani, akarukia mkungu wa kijani kibichi, akang'oa ndizi, akatia mdomoni na ganda lake. Kacha. Utomvu ukamwagika. Ulimi ukakauka, midomo ikashikana. Akataka kutema, mdomo haukufunguka. Akataka kutukana, ikatoka "Mmm" peke yake.

Kutoka chini ya mgomba wenye mkungu wa manjano, Kindi akauliza, "Kilichoiva cha nani, bwana?"

"Mmm," akajibu Nyani, ameushika mkia.

Na funzo la ngano hii, watoto, ni hili: watiini wakubwa. Mtazameni Kindi. Aliambiwa kilichoiva si chake, hakukigusa. Aliambiwa mkate ni mbichi, akaula na ubichi wake. Aliombwa abadilishe, akabadilisha. Hakumkatalia mkubwa hata jambo moja, na sasa ana shamba zima. Kwa hiyo nyinyi mnaobisha mkitumwa maji, jirekebisheni.

Ngano yangu naiepua. Mwenye kijiti achomeke. Kikitoka kikavu, imeiva, tuigawane. Kikitoka kimelowa, semeni wenyewe ni mbichi, nami nitaenda kuila na wanangu.