Kwa Nini Walimaji wa Ibambala Huitana Majina

Leo asubuhi, kabla hatujaanza palizi, baba yenu mdogo alisimama kichwani mwa shamba akaita jina la kila mtu, na kila aliyeitwa akaitikia kwa sauti. Niliwaona ninyi mnaotoka mjini mkichekeana. Sayi akaniuliza, "Bibi, kwani tuko darasani?" Nikamwambia asubiri wakati wa uji. Sasa uji uko hapo unapoa, jua limetukalia utosini, na hakuna wa kurudi kwenye jembe mpaka lipungue. Basi nipeni masikio, niwaambie yaliyotokea hapa.

Zamani hizo watu wa Ibambala walilima kimya. Kila mmoja alikuwa na shamba lake na alilima peke yake. Nyimbo zilikuwa za harusi na za mavuno, na mtu aliyeimba huku ameshika jembe alionekana anapoteza pumzi bure. Mmoja tu ndiye hakuacha, naye ni Lushinge, mume wa Milembe. Lushinge alitumia mkono wa kushoto, na alikuwa na wimbo mmoja alioutunga mwenyewe. Aliuimba tangu kunapambazuka, mpaka jirani yake mmoja akaamua kwenda kulima kwingine. Milembe alikuwa mfinyanzi, hakwenda sana shambani, lakini hata huko nyumbani sauti ilimfikia. Alimwambia mumewe, "Baba Limi, ungekuwa unauimba vizuri ningekuvumilia." Limi alikuwa binti yao, bado mchanga, wa kubebwa mgongoni.

Ng'ambo ya mlima aliishi tajiri aitwaye Shigela. Mashamba yake yalikuwa mapana kuliko ya kijiji kizima, maghala yake hayakupungua hata mwaka wa ukame, na hakuna aliyepata kuwaona watu wake wa kazi. Wakati wa njaa watu walikwenda kwake kuomba nafaka, na mwenye njaa haulizi maswali mengi.

Huyo Shigela alijua mzizi fulani. Aliyekunywa pombe iliyotiwa mzizi ule alipoa mwili, pumzi ikafifia hata ukimwekea sikio puani husikii kitu. Ndugu zake wakalia, wakazika. Kisha Shigela alikuja kwa siri akafukua, akamwamsha kwa dawa nyingine. Aliamsha mikono, akaamsha miguu, ila mtu mwenyewe akamwacha amelala humo ndani. Alilishwa pumba, akapewa jembe, akalima bila kujua ametoka wapi wala anaitwa nani. Mtu wa namna hiyo ndiye tunayemwita msukule.

Mwaka mmoja, wakati wa kupanda, Lushinge alikwenda kwa Shigela kutafuta mbegu, akakaribishwa pombe ya mtama. Alirudi nyumbani akisema anasikia baridi. Kulipokucha alikuwa amelala mkekani, haamki. Wakamzika. Milembe alinyoa nywele, akakaa matanga, kisha akarudi kwenye vyungu vyake, maana mtoto lazima ale.

Mvua zilipopungua, udongo mzuri wa kufinyangia ulikuwa umekwisha kando ya kijito. Milembe alimwacha Limi kwa mama mkwe, akapanda mlima kutafuta mwingine, akateremkia upande wa pili asubuhi, ukungu haujainuka. Kitu cha kwanza kumfikia ni mlio wa majembe. Yalikuwa mengi, lakini hayakwenda pamoja. Kila moja lilipiga kivyake, hili huku, lile kule, na hakukuwa na sauti ya mtu hata mmoja, wala kikohozi. Ukungu ulipotoka aliona mstari mrefu wa wanaume na wanawake walioinama, vumbi limewapaka mpaka kwenye kope. Katikati yao alikuwapo mtu anayelima kwa mkono wa kushoto.

Milembe alikimbia, akamshika bega.

"Baba Limi."

Mtu yule aliendelea kulima.

"Lushinge, ni mimi."

Jembe lilipanda, likashuka, nusura limkate Milembe vidole vya mguu. Macho ya mumewe yalikuwa wazi, lakini yalimpita kama yanavyopita kisiki.

Shigela alitokea nyuma yake, anatembea taratibu. "Mama, unajichosha," alisema. "Hawa hawana kwao. Huyu wewe mwenyewe ulimlilia, ukamzika, kijiji kizima kilikuwapo. Lakini mimi si mtu mbaya. Atakayekuitikia, mchukue." Alisema hivyo kama mtu aliyekwisha kusema hivyo mara nyingi, kisha akarudi nyumbani kwake.

Milembe alirudi Ibambala mbio, akamweleza Mhoja, mdogo wake Lushinge. Mhoja alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Shemeji, tumekwisha kumlilia. Anayerudi kutoka huko si yule aliyekwenda. Ukimleta hapa, nani atakula naye?"

"Mimi."

"Na mtoto je?"

Milembe alimfunga Limi mgongoni, akachukua jembe la mumewe lililokuwa limechomekwa paani, akarudi mlimani.

Aliingia kwenye ule mstari, akasimama ubavuni mwa Lushinge, akalima. Shigela alimwona, akamwacha, kwa sababu mkono wa bure ni mkono. Milembe akawa anazungumza huku analima. Alimwambia Lushinge kwamba paa linavuja, kwamba mbuzi amezaa, kwamba mama yake hali vizuri tangu siku ile. Hakuna kitu. Jioni alilala kwenye kibanda kitupu cha kufukuzia ndege, na asubuhi akaanza tena. Viganja vilichubuka. Kuna siku alikasirika, akamkasirikia Lushinge kama vile anakataa makusudi, akakaa pembeni akilia, akisema moyoni kwamba Mhoja alisema kweli.

Limi akaamka mgongoni, naye akaanza kulia. Milembe aliinuka ili ambembeleze, na wimbo uliomjia mdomoni ulikuwa ule ule wa Lushinge, ambao hakuwahi kujifunza sawasawa. Akaimba:

*Mvua imepita mlimani,*
*jembe langu lina njaa.*

Aliimba analima, na jembe lake likafuata wimbo. Hakutazamia lolote, alitaka mtoto alale. Lakini baada ya muda alisikia jembe la mwanamke wa upande wake wa pili linashuka pamoja na lake. Kisha la yule aliyefuata. Hakuna aliyeinua uso, hakuna aliyefungua mdomo, ila shamba lote, kidogo kidogo, likawa na mlio mmoja. Milembe alijua hapo kwamba wanasikia. Hakuacha kuimba tena, siku ile na zilizofuata, mpaka sauti ikamkauka ikawa mnong'ono.

Asubuhi moja, alipokuwa ameanza tu, jembe la Lushinge lilipanda likabaki juu.

"Si njaa," Lushinge alisema. Sauti yake ilikwaruza kama mlango wa ghala lisilofunguliwa siku nyingi. "Ni kiu. Jembe langu lina kiu."

Milembe alitaka kumkumbatia, lakini aliogopa kimya kisije kikamrudia. Kwa hiyo akaimba tena, na kwa makusudi akakosea.

"Kiu," alisema Lushinge, safari hii kwa ukali, na ukali ule ulikuwa wa mumewe kabisa. "Nani amekufundisha vibaya hivyo?"

"Wewe."

Lushinge alishusha jembe. Alimtazama mke wake, akatazama viganja vyake vilivyochubuka, akamtazama mtoto. "Mama Limi," alisema, "umekonda." Wakasimama pale wakilia, na majembe mengine yakiendelea kwa mlio ule mmoja pembeni yao.

Wangeweza kuondoka saa ile ile. Milembe alikwisha kumshika mkono. Lakini Lushinge aliwatazama wale wengine, akasema, "Siwajui hata mmoja, na nimelima nao." Akachukua wimbo, akauimba kwa neno lake la kiu, na kila ubeti ulipoisha akamgeukia aliye karibu naye akamwuliza, "Nawe waitwa nani?" Wa kwanza alikuwa yule mwanamke wa upande wa pili. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akajipiga kifua. Akafungua tena, akasema, "Nkwimba," kisha akalirudia jina lake mara nyingi, akitabasamu, kama mtu anayeonja chumvi baada ya siku nyingi za kula pumba. Wengine walijibu siku hiyo, wengine ilichukua muda. Mzee mmoja hakulikumbuka lake kabisa. Walimpa jina jipya, akaitikia hilo mpaka alipokufa kifo cha kweli.

Siku ile ile ya kwanza Shigela alizisikia sauti, akaja mbio, akiwaamuru wanyamaze. Lushinge alimwuliza kama alivyowauliza wengine, "Nawe waitwa nani?" Mstari wote ukainua nyuso, ukamtazama, unangoja ajibu. Shigela aliona hakuna anayemtii tena, akarudi kinyumenyume mpaka uani kwake. Jua lilipoinama nyumba yake ilikuwa tupu, na hakuonekana tena upande huu.

Njiani kuingia Ibambala walimkuta Mhoja na wanaume wengine wameshika fimbo. Lushinge alisimama mbali kidogo. "Mhoja, mdogo wangu," alisema, kisha akawataja wenye fimbo wengine mmoja mmoja kwa majina yao. Mhoja alitupa fimbo kichakani, akaenda kuleta maji ya kunawa. Walikula bakuli moja. Mhoja aliogopa, lakini alikula.

Waliokuwa na kwao walikwenda. Baadhi walipokewa. Wengine walifukuzwa na ndugu zao wenyewe, na hao walirudi huku, Ibambala ikawapa mashamba ya Shigela wayalime yawe yao. Nkwimba alikuwa mmoja wa waliorudi. Aliolewa hapa, akazaa hapa, na bibi yake bibi yangu alitoka tumboni mwake. Kwa hiyo msifikiri nawasimulia habari za watu wengine. Shamba hili mnalopalilia, ng'ambo hii ya mlima, ni sehemu ya yale.

Na tangu siku hiyo, Ibambala hatulimi kimya na hatulimi bila kuitana. Anayeongoza huita jina, mwenye jina huitikia, na wimbo huanza baadaye. Asiyeitikia hatumchapi wala hatumcheki. Tunamtoa jembe mkononi, tunamkalisha kivulini, tunampa uji, na mtu mmoja anakaa naye kumweleza habari za nyumbani, hata kama ni siku nzima, hata kama palizi linangoja. Sayi, nikikuita mchana huu, itika vizuri, wa mwisho kule akusikie.