Shaame na Njugu Mawe za Mama Mkwe

Paukwa!

— Pakawa!

Nani huyo kaitikia huku anapiga miayo? Paukwa!

— Pakawa!

Chungu kiko wapi?

— Mafigani!

Mwenye mwiko nani?

— Wewe!

Haya, mimi nakoroga, nyie tegeni masikio. Na asinidokolee mtu.

Zamani, zamani hizo, wanyama walipokuwa na majiko yao na wakwe zao kama sisi, alikuwapo kijana mmoja nguchiro, jina lake Shaame. Shaame alikuwa mwepesi, mwepesi, mwepesi. Kula kwake chapu. Kuoga kwake chapu. Akikuamkia, kabla hujasema marahaba yuko kichochoroni keshakata kona. Nyoka walimkoma. Ukimtuma moto kwa jirani, anarudi hata hujamaliza kumwelekeza nyumba.

Basi Shaame akampenda Mize. Akampenda hasa, si mchezo. Mize alikuwa binti wa Bi Mkasi, nguchiro mjane wa ng'ambo ya kijito, kitinda mimba wake. Na Mize naye akampenda Shaame, japo kila akianza kumsimulia jambo, kijana alikuwa keshaondoka kabla halijafika katikati. Posa ikapelekwa, posa ikakubaliwa. Likabaki jambo moja.

Kwa nguchiro wa zamani, mwanamume hakukaa na mke mpaka amtokosee mama mkwe wake chungu cha njugu mawe. Atokose mwenyewe, kwa mkono wake, uani kwake, mama mkwe yupo. Mama mkwe akiridhika, binti anabaki. Asiporidhika, anaondoka na binti yake. Anajaribiwa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Ya tatu ikiharibika, posa imekufa, na kila mtu akatafute wake.

Tena kulikuwa na adabu ya ukwe. Kijana na mama mkwe wake hawakutazamana, wala hawakusemezana. Mmoja upande huu wa chungu, mwingine upande ule, wamepeana mgongo. Salamu zilipitia kwa binti. Binti naye alikaa mlangoni anasuka ukili wake, na kusaidia ilikuwa marufuku.

Sasa, Shaame alijua kuchoma. Ukimpa yai, anachoma. Ukimpa nyoka, anachoma, tena vizuri. Lakini kutokosa? Katika maisha yake yote hakuwahi kutokosa kitu. Akatoka mbio kwenda kuuliza.

Akamkuta Kima juu ya mti.

"Mjomba Kima, shikamoo! Kutokosa ndiyo nini?"

"Marah—"

"Kutokosa, mjomba, kutokosa!"

"Kutokosa ni moto, mwanangu! Weka maji, weka njugu, halafu moto. Uvume! Ukiona hata wewe mwenyewe huwezi kusogea, ujue unatokosa."

"Ahsante!" Na huyo kaenda.

Siku ikafika. Bi Mkasi akaja kajitanda kanga yake. Msiniulize nguchiro kanga kaipata wapi, ngano ni yangu. Akaketi upande wake, kampa kijana mgongo. Mize akakaa mlangoni. Shaame akainjika chungu, akatia maji, akatia njugu mawe, akaleta kuni. Akaleta nyingine. Akaleta nyingine tena. Rundo lote alilokusanya kiangazi kizima akalisukumia mafigani. Moto ukavuma, vu! Bi Mkasi akasogea nyuma. Mize akasogea nyuma. Maji yakachemka, yakaruka, yakaisha, na Shaame hakuyaona yanaisha, maana alikuwa kakimbilia kuni zaidi.

Kurudi, moshi. Njugu nyeusi tii kwa nje. Akapakua hivyo hivyo, akamtuma Mize apeleke sahani. Bi Mkasi akatia moja kinywani. Ka! Akashika shavu.

"Lo! Mize, mwanangu, jino langu bado lipo?"

"Lipo, mama."

"Basi nipe kanga yangu, twende zetu kwetu."

Wakaenda zao. Shaame akabaki na jivu.

Mnacheka? Chekeni tu. Wengine humu nimekula wali wao.

Shaame hakulala na huzuni yake, alitoka nayo mbio. Akamkuta Ngawa njiani, kabeba vikapu vyake. Bwana Ngawa alikuwa mchuuzi. Aliuza zabadi ya kunukia, aliuza ndimu, aliuza magadi, na maneno alitoa bure.

"Bwana Ngawa, kutokosa ndiyo nini?"

"Kutokosa ni kulainisha, kijana wangu. Njugu mawe ngumu? Fundo hili hapa la magadi. Tia yote. Utanikumbuka."

"Yatalainisha upesi?"

"Upesi? Mkwe wako hatawahi hata kukunjua mkeka."

Hilo neno upesi lilimwingia Shaame mpaka kwenye mifupa. Akachukua magadi, huyo kaenda.

Siku ya pili ikafika. Bi Mkasi akaja, akaketi, akatoa mgongo. Mize mlangoni na ukili wake. Shaame kainjika chungu, katia maji, katia njugu, katia magadi yote. Kuni chache alizookoteza akazimaliza hapo hapo. Na kweli! Bi Mkasi hajakaa vizuri, hajavuta hata pumzi ya safari, chungu kimeshaiva. Shaame akapakua, sahani ikaenda, naye akasimama anajipangusa mikono, kifua mbele.

Bi Mkasi akachukua njugu moja, akaiminya. Laini. Akaila. Akachukua ya pili, akaila. Shaame kwa kona ya jicho akamwona Mize anatabasamu. Moyo wake ukaruka.

Bi Mkasi akaiweka sahani chini. Kisha akasema, na safari hii hakuwa na ukali, alikuwa kama mtu aliyechoka, "Mize, mwanangu, mwambie kijana njugu zake laini. Lakini hajanitokosea. Nipe kanga yangu, twende zetu kwetu."

"Mama, si umesema laini!"

"Nimesema. Nipe kanga yangu."

Wakaenda zao. Shaame akaketi chini puu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Ngumu, makosa. Laini, makosa. Sasa huyu mama anataka nini? Akalia. Alilia kweli, na kamasi juu, maana siku moja tu imebaki na Mize anaondoka.

Akamrudia Kima. Kima akasema, "Ongeza moto!" Akamrudia Ngawa. Ngawa akasema, "Ongeza magadi!" Lakini kuni zimekwisha, hata kijiti, na mvua ya masika imeanza, msituni kila mti umelowa. Magadi nayo Ngawa kauza yote. Shaame akapekua ua wake mzima. Akapata nini? Makumbi. Makumbi ya nazi yaliyolala barazani, makavu nusu. Na nyie mnaoishi na minazi mnajua, makumbi hayana mbio. Yanafuka, yanajifikiria, yanashika yanapotaka.

Siku ya tatu ikafika. Bi Mkasi akaja kanga imelowa. Akaketi barazani, akatoa mgongo. Mize mlangoni, ukili mkononi, lakini hasuki.

Shaame akainjika chungu barazani. Akatia maji. Akatia njugu. Akapanga makumbi, akapuliza. Yakafuka. Akapuliza tena. Pakatokea jicho moja jekundu. Akalitilia kumbi, likafifia. Akalipuliza, likarudi. Akaona hapa hakuna kuondoka, akiondoka tu moto unazimika na Mize kaenda. Basi akakaa. Akaweka kumbi, akapuliza, akakaa. Maji yakipungua anaongeza kata moja, anafunika, anakaa. Miguu ilimwasha, mkia ulimcheza, lakini akakaa.

Mvua tu makutini.

Chungu kikaanza kusema chini chini: toko, toko, toko.

Mara, upande wa pili wa chungu, Bi Mkasi akakohoa. Mkwe hasemezwi, sawa. Lakini chungu hakina ukwe na mtu.

"Chungu wee," akasema Bi Mkasi, kakipa kisogo. "Yule msichana wangu akinuna, asiulizwe kitu mpaka ale. Akishakula atasema mwenyewe."

Shaame akashtuka. Akatazama chungu. Akaweka kumbi, akapuliza.

"Chungu wee," akasema kwa sauti ndogo, "nimesikia."

Toko, toko, toko.

"Chungu wee, radi anaiogopa. Mkubwa mzima huyo unayemwona, ikipiga huingia uvunguni. Asichekwe."

"Mama!" akalia Mize mlangoni.

"Wewe suka ukili wako. Naongea na chungu."

"Chungu wee," akasema Shaame, "mimi sitamcheka. Nitaingia naye uvunguni."

Kumbi. Pumzi. Kata ya maji.

Bi Mkasi akaendelea. Akakieleza chungu Mize alivyozaliwa njiti, mdogo kama kidole gumba, na vile alivyombeba kifuani mvua nzima asimweke chini. Akakieleza nyimbo anazozipenda, na ile asiyoipenda kwa kuwa baba yake alikuwa akiiimba. Shaame akauliza, chungu kikapelekewa swali, jibu likarudi. Bi Mkasi akacheka mara moja, akajifunika mdomo haraka, lakini lilishatoka.

Makumbi yakafuka.

"Chungu wee," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. "Wanangu wote wameolewa mbali. Huyu ndiye aliyekuwa akinichotea maji asubuhi. Sijui kesho nikiamka nitamwita nani."

Shaame hakujibu chapu. Nasema hivi, Shaame hakujibu chapu! Aliligeuza neno hilo moyoni, akaona lilivyo zito, na macho yakamjaa, na si moshi.

"Chungu wee," akasema mwisho. "Mwambie mama aniite mimi. Kijito si kipana. Nitakuja kuchota."

"Chungu wee, huyu kijana mwepesi wa miguu, na wa ahadi je? Mtungi wangu mzito."

"Chungu wee, mwambie aujaribu mgongo wangu."

"Na akija kuchota, atakaa anywe uji, au ataweka mtungi na kukimbia?"

"Atakaa," akasema Shaame. "Mwambie atakaa."

Mize akanyanyuka mlangoni. Uvumilivu ulikuwa umemwishia.

"Mama jamani! Harufu hiyo huisikii? Njugu zimeiva zamani!"

"Najua," akasema Bi Mkasi. "Nimejua tangu nilipokuwa kwenye nyimbo. Lakini nilikuwa sijamaliza."

Shaame akaepua chungu. Akafunua, mvuke ukapanda mpaka makutini. Njugu zimepasuka mdomo kidogo, maji yamekauka sawasawa, hakuna iliyoungua. Akapakua. Bi Mkasi akala. Akala polepole, akamaliza, akaramba vidole kimoja kimoja.

"Sasa umenitokosea," akasema. Na akavunja adabu yote ya ukwe, akageuka, akamtazama kijana usoni. "Nilikuja hapa mara mbili na mtoto wangu mkononi nikitaka kumkabidhi, nikakosa pa kupitisha neno. Mtoto hakabidhiwi kama kuni. Nilihitaji chungu kizima cha njugu mawe kumsema mwanangu. Ungenipa nafasi ndogo kuliko hiyo, ningeondoka naye tena."

Mize akaja akamkumbatia mama yake. Wakalia wote wawili, wakacheka wote wawili, kisha Bi Mkasi akasimama, akamwacha binti yake akiwa ameshika mwiko, na Shaame akamsindikiza mpaka kijitoni. Kwa mwendo wa mama. Pole pole, wanazungumza, hata njia fupi ile ikawa ndefu.

Na asubuhi, kabla jua halijapanda, Bi Mkasi alifungua mlango wake, akasimama kizingitini, akaita, "Shaame!"

Mtu alikuwa keshaujaza mtungi, kakaa chini kando yake, anangoja uji.

Basi enyi mabibi na mabwana, kujua kutokosa ni kujua kukaa. Chungu kinachokawia kina maana yake. Ukikihimiza utapata chakula, lakini walioketi kukizunguka watarudi makwao na maneno yao vifuani. Na wewe unayejiandaa kunitajia misemo ya haraka, funga mdomo, mama yako anakungoja nyumbani na wewe humsikilizi.

Ngano yangu nimeiepua, naiacha chini ipoe. Tamu kwenu, ukoko kwangu. Mimi siku ile nilikuwapo, nyuma ya mlango, natamani njugu. Nikamwomba Mize anionjeshe japo tatu. Akanitazama, akasema, "Bibi, ulisaidia kupuliza?" Mpaka leo namnunia.