Bibi Tusekile na Nguzo ya Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmeshindia maji? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji chini ya kilima. Tumboni mwa kilima mlikuwa na makaa ya mawe. Wahunzi wa nchi nzima waliyataka. Wanaume wakachimba, wakachimba, na kila walipochimba waliacha nguzo nene za makaa hayohayo, zishikilie kilima. Nguzo tano.

Alikuwako Bibi Tusekile, mfinyanzi, mjuzi wa udongo. Mwanawe Ambwene ndiye aliyekuwa kiongozi wa wachimbaji. Kumi na wawili walimfuata.

Siku moja makaa ya mbele yakazama chini ya maji. Ambwene akasema, "Nguzo tano za nini? Tukate." Wakakata ya kwanza. Wakakata ya pili. Kilima kimya. Wakacheka!

Bibi aliposikia, akaingia na mwenge. Akagonga dari kwa kifundo cha kidole, kama agongavyo chungu kilichotoka motoni. Chungu kizima hulia ngii! Dari likalia bwu!

"Mwanangu, chungu hiki kina ufa."

"Mama, hiki si chungu."

"Tazama hapo juu. Unaona nini?"

"Alama ya jani."

"Jani limefikaje ndani ya jiwe? Hapa palikuwa kinamasi. Msitu ulianguka, ukazama, ukawa makaa. Tope likaufunika, likawa dari lako. Na tope ni tope, hata likijifanya jiwe. Likinywa maji, hulegea. Na masika ndiyo haya."

"Tukate hii ya tatu tu, mama, halafu basi."

 Bibi akaketi chini, mgongo kwenye nguzo ya tatu, miguu kainyoosha. Nao walikuwa na mwiko: mama akinyoosha miguu mahali pa kazi, chuma hakiinuliwi hapo. Na mama wa mmoja ni mama wa wote.

"Mama, toka."

"Nikitoka, mtaingia."

"Utachoka."

"Nilikubeba miezi tisa, sikuchoka. Toka wewe!"

Wakatoka, wote. Wakakaa nje wamngojee achoke. Siku ya kwanza, mvua, chwaa! Bibi kakaa. Siku ya pili, chwaa! Bibi kakaa. Ambwene akaleta uji. Sauti ikatoka gizani, "Weka mlangoni. Mguu wako usivuke!"

Siku ya tatu, asubuhi, bwu. Bwu, bwu. Nguuuu! Kilima kizima kikaketi.

Vumbi lilipotulia, Ambwene akahesabu wenzake. Kumi na wawili. Akahesabu tena, huku analia. Kumi na wawili, na yeye wa kumi na tatu, wote nje, hata mkwaruzo hawana. Kisha akaanza kufukua mawe kwa kucha, na wenzake wakamshika.

Bibi Tusekile alibaki humo ndani.

Tangu siku ile hakuna aliyechimba pale. Majani yameota, mbuzi wanajilisha. Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wale hawakusikia, na hawakuvunjika hata ukucha. Aliyevunjika ni mkuu mwenyewe, Bibi Tusekile. Basi nyie mnaocheka wazee, jiulizeni ni nani anayeketi mahali penu.

Hadithi yangu imekomea hapo.