Pua Pana, Mguu Mzito

"Pua pana haiponyi mguu mzito."

Mzee Ambakisye aliyasema hayo baada ya mwanafunzi wake wa udereva kungurumisha gari kama anayefukuza mwizi. Wanafunzi wenzake wakacheka, kisha wakataka kujua msemo huo umetoka wapi. Mzee akazima injini. "Methali hii ina mama yake, wanangu," akasema, "na mama yake ni Tusekile."

Tusekile alikuwa dereva teksi mjini Tukuyu, mwanamke pekee katika kijiwe cha madereva kumi na wanne. Gari lake lilikuwa kuukuu, lakini alilitunza kama kitinda mimba.

Siku moja mwenyekiti wa kijiwe, Mwaipyana, alirudi kutoka Mbeya na jambo jipya. Gari lake lilikuwa limeng'olewa boksi la kichujio cha hewa, likafungwa bomba pana linalong'aa. Ukikanyaga mafuta, bomba linavuta hewa: fooo! Madereva wakaliita pua.

Fundi alikuwa amemwambia, "Wiki ya kwanza nenda taratibu, injini iizoee." Mwaipyana akatii. Wiki nzima aliendesha kama aliyebeba trei za mayai, na mafuta yakadumu kweli kweli. Kijiwe kizima kikaisifu pua. Mguu haukusifiwa na mtu. Wiki ya pili akaanza kukanyaga ili aisikie ile fooo, lakini hapo hakuna aliyekuwa akipima tena.

Kikao kikaitishwa: kila gari lifungwe pua, asiyetaka ahame kijiwe. Mikono kumi na mitatu ikapanda. Tusekile akakunja yake kifuani.

"Dada Tusekile, mkono wako uko wapi?" akauliza Mwaipyana.

"Upo, Mwenyekiti. Unapumzika."

"Unapinga maendeleo?"

"Napinga kelele. Wiki ile ulikuwa unakwenda kama bwana harusi. Siku hizi unaondoka kama mbuzi aliyekata kamba. Mafuta yatabaki wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mwaipyana hakucheka. "Basi tafuta kijiwe kingine."

Kijiwe kingine hakikuwepo mji mzima, na Tusekile alilijua hilo. Lakini kidevu hakikushuka.

"Sihami, na sifungi," akasema. "Tupime. Magari yetu ni aina moja, mwaka mmoja. Tujaze matangi mpaka shingoni, twende Kyela na kurudi, tujaze tena pampu ileile. Leo kila mtu na gari lake. Kesho tubadilishane."

Madereva wakapapasa funguo mifukoni. Pale, ufunguo wa gari ulikuwa kama mswaki: hauazimwi hata kwa ndugu.

"Gari langu nimpe nani?" Mwaipyana akang'aka.

"Mimi. Au unaogopa mguu wako utajulikana?"

Mbele ya watu kumi na wawili, hakutaka kuonekana mwoga. Akakubali.

Siku ya kwanza gari la Mwaipyana lilimeza lita kumi na mbili, la Tusekile tisa. "Gari lake jepesi," wakanong'ona.

Siku ya pili Tusekile akakaa nyuma ya ile pua. Ilikuwa tamu, asidanganye mtu. Kila alipogusa pedeli ilimwita, fooo, njoo! Hakwenda. Akiona lori mbele, aliachia mafuta mapema, wala hakukimbilia breki. Mlimani alipanda kwa subira.

Pampu ikasema: gari lenye pua, lita tisa na robo. Gari la Tusekile, chini ya Mwaipyana, kumi na mbili kasoro kidogo.

"Pampu imekosea," akasema Mwaipyana.

"Pampu ileile, barabara ileile," akajibu Tusekile. "Kilichohama ni miguu. Pua fundi anaifunga, Mwenyekiti. Mguu wako nani ataufunga?"

Mwaipyana akautazama mguu wake kana kwamba ni wa kuazima. "Sasa niing'oe?"

"Iache, inapendeza. Ila usiipe kazi isiyoiweza. Pua pana haiponyi mguu mzito."

Tusekile akarudi kijiweni, akaegesha palepale alipotakiwa kuhama. Hakuna aliyegusa habari ya kikao. Na tangu siku ile, dereva yeyote akiondoka kwa vumbi, kijiwe kizima kilimpigia kelele maneno ya Tusekile.

Mzee Ambakisye akamwashia mwanafunzi gari. "Haya, twende."

Bomba la gari lile lilikuwa la kawaida tu, lakini kijana aligusa pedeli kwa ncha ya kiatu. Gari likaondoka bila kelele.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, babu. Pua pana haiponyi mguu mzito."