Nguchiro na Wimbi la Mlangoni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiamkiana asubuhi na kuazimana chumvi, Nguchiro alikuwa na nyumba yake pwani, chini ya jiwe. Nyumba yenyewe ndogo, ya mlango mmoja, na ndani mlikuwa na watoto wake ambao hata macho hawajafumbua.

Huyu Nguchiro alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Akimwona kaa anatembea upande, atamfuata mpaka shimoni amuulize kisa. Mnacheka? Humu ndani nawajua waliomshinda.

Siku moja akaja Bwana Kiboko kutoka mtoni, pamoja na rafiki yake Bwana Nyati kutoka porini.

"Shikamoo, mjomba," alisema Nguchiro.

"Marahaba. Kivuli cha jiwe hili kimenipendeza. Hama."

"Nihame na watoto wachanga, niende wapi?"

"Hayo ni yako," alisema Kiboko.

Korongo alikuwa amesimama majini akijitafutia kitoweo. Akasema nyumba ya mtu haichukuliwi hivihivi, afadhali washindanie. Kiboko akakubali upesi. Akasema washindane kuteleza juu ya mawimbi, kila mmoja amelala kifudifudi juu ya ubao wake, mara moja tu. Atakayefikishwa mbali zaidi mchangani, jiwe ni lake.

"Na mkubwa ndiye anaanza," akaongeza. "Mimi, kisha Nyati. Wewe mdogo utamalizia."

Nguchiro akatazama bahari. Maji yalikuwa yamekupwa, na mawimbi yanavunjikia kule mbali mwambani. Akainamisha kichwa.

"Ndiyo adabu, mjomba. Wakubwa kwanza."

Basi Kiboko akaja na mlango mzima, sijui aliung'oa kwa nani. Nyati akaja na meza. Nguchiro akatoa kibao chake cha kukunia nazi, kile chuma chenye meno amekwisha kukiondoa.

Kiboko akaingia majini, akajilaza. Wimbi lilimfikia limekwisha kuchoka. Likamsukuma kidogo, kruuu, mlango ukakwama mchangani. Korongo akachomeka kijiti hapo. Nyati naye akaja, pwaa, akakipita kijiti kwa urefu wa pembe zake tu. Korongo akachomeka cha pili.

"Haya, nenda nawe ukaaibike," Kiboko alimwambia Nguchiro. "Nataka kulala."

"Naenda, mjomba. Lakini hebu niambie kwanza. Mlango mzito vile, uliushikaje usikuponyoke?"

Kiboko akajiweka sawa mchangani. "Ah, hilo ni jambo la ukoo. Babu yangu alikuwa akishika gogo kwa kidevu."

"Kwa kidevu? Kidevu cha namna gani?"

Kumbe amemgusa penyewe. Kiboko akaeleza kidevu cha babu, kisha shingo ya babu, kisha harusi ya babu. Nyati akaona anaachwa nyuma. Akasema kwao porini kuna mjomba wake aliyewahi kusukuma mlima.

"Ukaenda mpaka wapi?" Nguchiro aliuliza, na kweli alitaka kujua.

Wakasema, wakabishana, wakasema tena. Maji yakaja, swaa, yakailamba miguu ya Kiboko. Akasogea juu kidogo, hakukatisha maneno. Yakaja tena, akasogea tena. Kijiti chake kikazama, na cha Nyati kikabaki ncha tu. Korongo akanyanyua mguu mmoja, akautazama ulivyolowa, akaurudisha majini. Kazi aliyopewa ni kuchomeka vijiti.

Nguchiro akatega sikio. Ngurumo ya mawimbi haikutoka tena kule mwambani. Ilikuwa hapa, karibu.

"Wajomba, mmenifaidisha," alisema. "Sasa niende nikaaibike."

"Nenda, nenda," alisema Kiboko. "Nyati, huo mlima ulikuwa na mawe au majani?"

Nguchiro akajitosa, chubwi, akapiga maji na kibao chake. Wimbi la kwanza akaliacha lipite. La pili pia. La tatu lilipoinuka mgongo, akajilaza kifudifudi na kukaza vidole. Likamwinua, likamchukua. Akapita juu ya kijiti cha Kiboko, akapita juu ya kijiti cha Nyati, akampita Kiboko mwenyewe akiwa ameachama mdomo, na kibao kikaenda kugota, ko, kwenye kizingiti cha nyumba yake. Watoto wakapiga chafya kwa rasharasha.

Korongo akaja polepole, akachomeka kijiti mlangoni.

Kiboko alikuwa amezungukwa na maji mpaka tumboni. Akatazama huku, akatazama kule.

"Bahari ilikuwa kule," alisema. "Imefikaje huku?"

"Hupwa, mjomba, kisha hujaa. Kila siku."

"Kwetu mtoni maji huenda upande mmoja tu. Mbona hukuniambia?"

"Mjomba," alisema Nguchiro, akimfuta mwanawe pua, "mimi nimekuuliza maswali tangu asubuhi. Wewe hukuniuliza hata moja."

Kiboko akajitwika mlango wake, akashika njia ya mtoni, na Nyati nyuma yake na meza. Nguchiro akaingia kwake kunyonyesha, nami maneno yangu nayaacha pale kizingitini, yaanikwe yakauke.

Basi wanangu, anayesimulia habari zake tu hapati nafasi ya kujua habari za dunia.